Nyoka wa Kabati la Mikate

24 Juni, Mtakatifu Yohana

Leo kijiji kizima kiko mtoni, watu wanamwagiana maji ili Mtakatifu Yohana atuletee mvua. Mimi niko jikoni na nyoka ndani ya ndoo.

Mkwe mwenzangu Crisanta alishuka asubuhi kutoka basi la Arizpe. Amekuja kumsubiri binti yake Nereida, mke wa mwanangu Casimiro, ajifungue. Mgeni njoo, mwenyeji apone, ndivyo wasemavyo. Huyu hata kahawa hakuimaliza. Alikwenda ghalani kuchota mahindi ya kuku, akamkuta Prieta amejilaza juu ya magunia, akashika jembe. Niliposikia kelele nilikimbia na unga mikononi. Pigo la kwanza lilikuwa limeshampata ubavuni. La pili nililikinga kwa mpini wa ufagio.

"Toka hapo, Bi Librada! Nyoka!"

"Namwona. Ni nyoka wangu."

"Una wazimu? Kuna mja mzito ndani ya nyumba hii!"

Prieta ni mweusi tii kuanzia pua hadi mkia. Hana sumu. Hula panya, na hula nyoka wenye njuga mkiani, maana sumu yao haimdhuru. Mwaka ule mume wangu, Mungu amrehemu, alipomuua mweusi aliyekuwepo kabla ya huyu, panya walijaa ghalani, wenye njuga wakawafuata panya, na mmoja akamng'ata Casimiro mlangoni pale pale. Mwanangu alipona. Vidole vyake viwili vya mguu havikupona.

Basi naandika hapa ili nisije nikasahau kwa sababu ya adabu za ukwe: mtoto anayekuja atatambaa kwenye ua usio na njuga, na Prieta ataishi.

25 Juni

Dada yangu alipofunga duka aliniachia kabati lake la kioo la mikate. Leo limepata mkate mweusi. Nimetandika mchanga mkavu, nimeweka kipande cha mtungi uliovunjika ajifiche chini yake, na bakuli zito la maji asiloweza kulipindua. Kabati liko katika chumba cha jibini, kwa kuwa kuta zake za udongo ni nene na joto la nje linaweza kumuua kabla ya kidonda. Kidonda nimekiosha kwa maji ya chumvi nikapaka dawa ya zambarau. Shukrani niliyopata ni kung'atwa kidole, kisha akanimwagia ule uvundo wake wa mkiani ambao sabuni mbili hazijautoa.

"Nyoka na maziwa chumba kimoja," akasema Crisanta mlangoni. "Umempa fisi bucha."

"Jibini haijawahi kulalamika."

"Litakapolalamika titi la binti yangu, tutaongea."

Kwao wanaamini nyoka mweusi hunyonya wanawake waliojifungua. Humlaza mama usingizi kwa pumzi yake, hunyonya, na mtoto akilia humtia ncha ya mkia mdomoni anyamaze. Kwetu wanaamini pia. Mimi nimekamua ng'ombe na mbuzi maisha yangu yote na sijamwona nyoka mwenye midomo ya kunyonyea.

27 Juni

Nimempa panya hai. Panya ndiye aliyemng'ata yeye. Kumbe mwenye jeraha hapewi vita. Kesho panya atakuja akiwa amekufa.

28 Juni

Panya amekufa, na bado Prieta amekataa.

29 Juni, Petro na Paulo

Petra amezaliwa alfajiri! Ana nywele nyingi na sauti ya mnadi wa mifugo. Casimiro alilia kuliko mtoto.

1 Julai

Wiki yote macho ya Prieta yalikuwa na ukungu wa samawati, nikadhani anapofuka. Leo amevua gamba. Nilikuwa nimemwekea boksi lenye kitambaa kibichi, akapita humo, akaliacha gamba zima limegeuka ndani nje kama soksi ya Casimiro. Penye kidonda tu ndipo limechanika. Chini yake anang'aa. Tumbo lake la nyuma limevimba vinundu vinundu, na sasa najua kwa nini hali. Naye ni mja mzito.

Gamba nimelitundika kwenye msumari jikoni. Crisanta amehamia upande wa pili wa meza.

4 Julai

Joto. Mawingu yamekuja, yametuangalia, yameondoka.

6 Julai

Arobaini ya Nereida inaendeshwa na Crisanta, na hakuna jeshi lenye amri kama hizo. Madirisha yafungwe. Kichwa kifungwe. Maharage, nguruwe, machungwa, pilipili pori, vyote marufuku. Maji baridi ndiyo marufuku kuu, kwa maana baridi huingia tumboni na kugandisha maziwa. Anapewa mchuzi wa kuku na kikombe kidogo cha chai ya mdalasini asubuhi na jioni. Nami nilipewa hivyo hivyo kwa Casimiro, ila Casimiro alizaliwa Januari. Nimemwachia. Ni binti yake, na mimi vita yangu iko kwenye kabati.

11 Julai

Mayai saba! Meupe, marefu, yameshikana kama vitumba vya jibini mbichi. Nimeyahamishia kwenye beseni lenye mchanga wenye unyevu, nikayafunika. Kila moja nimelitia alama ya mkaa juu, kwani yai la nyoka si la kuku. Ukiligeuza, kilichomo ndani huzama na kufa. Nimeyatoa kwa mama yao kwa sababu Prieta hula nyoka, na sina hakika kwamba anajua kubagua walio wake.

Amekonda vibaya. Amekula panya wawili waliokufa bila hata kuvuta pumzi kati yao.

12 Julai

MVUA. Ilianza saa nane mchana na radi moja iliyoangusha sufuria. Mto umekuwa mwekundu. Wote tulitoka uani tukalowa, isipokuwa Nereida, aliyetutazama kupitia upenyo wa dirisha.

14 Julai

Mtoto analia sana. Crisanta anamtazama mtoto, kisha anatazama chumba cha jibini, kisha ananitazama mimi. Hasemi. Afadhali angesema.

15 Julai

Amesema. "Maziwa yanapungua. Lisemwalo lipo, Bi Librada."

"Na kama halipo?"

"Laja."

17 Julai

Ghala lina panya mchana kweupe. Majuma matatu tu bila Prieta! Nilijua nini kitafuata, na kimefuata.

Asubuhi Casimiro alikwenda kuinua karai la kufulia nepi, akasikia njuga. Nilipotoka nilimkuta amesimama na karai mikononi, rangi imemtoka, na nyoka amejikunja kando ya mguu wake mzima. Sikuwa na koleo karibu. Nilichokuwa nacho ni lile gamba la Prieta, nililokuwa nimelitungua kutoka msumarini ili kumwonyesha Nereida. Nikamrushia nyoka.

Sikutarajia nilichokiona. Harufu ilipomfikia aliacha njuga. Hakujikunja tena ili apige. Aliinamisha kichwa chini mchangani, akakificha, akainua katikati ya mwili wake juu kama daraja, akawa anarudi nyuma hivyo hivyo, akilipiga gamba tupu kwa mgongo. Ndivyo wanavyojikinga na adui wanayejua kwamba meno yao hayamfanyi kitu. Casimiro aliruka ukutani. Nikapata nafasi ya koleo.

"Umeona?" nikamwambia mwanangu. "Umeona wanavyomwogopa?"

"Mama, nyoka ni nyoka. Sitaki hata mmoja. Si huyu, si yule."

Aliyeumwa na nyoka akiona unyasi hushtuka. Simlaumu. Lakini niliumia, kwa sababu vita hii ni kwa ajili ya miguu yake na ya binti yake.

18 Julai

Crisanta ametangaza mezani, mbele ya wote. Nyoka atoke na mayai yake yavunjwe, au atamchukua Nereida na Petra waende Arizpe, arobaini iwe imekwisha au haijaisha.

"Barabara imekatwa na mto," nikasema.

"Tutapita kwa miguu."

"Na mzazi wa wiki tatu?"

"Na mzazi wa wiki tatu. Wewe una nyoka wako, mimi nina mwanangu."

Casimiro alikuwa anatazama sahani yake. Nereida midomo yake imepasuka, nikadhani ni kwa kulia.

20 Julai

Nimejichimbia kaburi mwenyewe, na koleo nimeinunua mwenyewe.

Nilisema nitawaonyesha. Nitaweka kisahani cha maziwa mbele ya Prieta, wote waone asivyoyajali, yaishe. Crisanta alikubali haraka, hapo ningepaswa kuogopa. Tulikusanyika chumba cha jibini saa saba mchana: Crisanta na rozari yake, Casimiro karibu na mlango, Nereida ameketi kwenye kigoda, kichwa kimefungwa, Petra mapajani. Joto lilikuwa la kufa, la kabla ya mvua. Hata jibini zilikuwa zinatoka jasho.

"Tazameni vizuri," nikasema, kwa sauti ya padri. "Nyoka anakula nyama. Maziwa kwake ni kama mchanga." Nikaweka kisahani.

Prieta alitoka chini ya kigae. Alitoa ulimi, akausogeza, akautoa tena. Akainamisha kidevu ndani ya maziwa. Nikasubiri akitoe. Hakukitoa. Koo lake likaanza kwenda, polepole, linavuta na kumeza, linavuta na kumeza. Alikunywa mpaka kisahani kikaonyesha maua yake ya chini.

Kisha Crisanta akapiga ishara ya msalaba, na akasema kwa upole, na upole wake ndio ulioniumiza zaidi: "Aliyeona ameona."

"Subirini," nikasema. "Subirini, kuna..." Nikatazama kabati, nikatafuta bakuli la maji. Halikuwemo. Jana asubuhi alilichafua nikalitoa kulisugua, kisha mbuzi wakavunja ua, kisha mvua, kisha nguo. Bakuli lilikuwa bado juu ya ukuta wa kisima. Mnyama aliyetoka kutaga, kwenye joto hili, siku nzima bila tone. Angekunywa hata wino!

Niliwaeleza. Nilieleza mara tatu. Niliomba turudie, maji huku na maziwa huku.

"Mwizi akishikwa anaomba kuiba tena?" akasema Crisanta.

Casimiro akasema, "Kesho nitamtoa, Mama. Samahani."

21 Julai

Nimefunga chumba cha jibini. Ufunguo uko kifuani mwangu. Anayeutaka aje na kikosi.

Prieta ana mabakuli mawili ya maji.

22 Julai

Hakuna anayesema nami isipokuwa mbuzi. Mtoto amelia tangu asubuhi, kilio kidogo kikavu ambacho sikipendi. Nimejiuliza jambo ambalo sikutaka kujiuliza. Je, kama wao ndio wanaosema kweli? Nimekwenda kukagua kabati lote, kila pembe. Hakuna mahali hata kidole kinaweza kupita. Lakini kwamba nilikwenda kukagua, hilo nalo naliandika.

23 Julai

Jana jioni Crisanta alimwaga majivu sakafuni kukizunguka kitanda cha Nereida. Ndivyo wafanyavyo wakongwe: nyoka akipita huacha mstari.

Alfajiri alipiga ukelele. Nilifika na shuka. Mstari ulikuwepo. Ulianzia kando ya kitanda, ukakata majivu hadi mlangoni, upana wa vidole vitatu, mzuri, mlaini. Nereida alikuwa amejifunika uso. Petra alikuwa analalia kifua chake bila kunyonya.

Crisanta alikuwa ameshashika jembe lile lile. Nilijiandaa kwa matusi. Hakutukana. Alikaa kwenye ukingo wa kitanda akaliweka jembe mapajani, na akazungumza kana kwamba chumbani hakuna mtu.

"Fidel wangu alikuwa mnene alipozaliwa. Mama yangu alinitunza arobaini, kila kitu sawasawa. Ilikuwa Juni. Maziwa yakakauka hivi hivi, siku kwa siku. Mama akasema ni mweusi wa paa. Walimtafuta, wakamuua, lakini walichelewa. Fidel alikwisha mikononi mwangu akiwa mwepesi kama kuku. Tangu hapo sijamwacha hai hata mmoja niliyemwona." Akaniangalia. "Unafikiri nakuchukia, Librada. Mimi naogopa tu."

Mwezi mzima nimemwita mchawi katika vichwa vya habari vya moyo wangu. Sikujua kulikuwa na Fidel.

Casimiro akanyoosha mkono. "Ufunguo, Mama. Yatosha."

"Nipe dakika moja."

"Mama!"

"Moja. Halafu nitafungua mlango kwa mkono wangu."

Kwa sababu nilikuwa nimeona jambo. Prieta ana kidonda ubavuni, na anapotambaa mchangani huacha mawimbi, lakini aliyepita hapa hakupinda wala hakutikisika. Mstari huu ulinyooka kama wa kitu kinachoburutwa. Nikaufuata. Pale mlangoni majivu yakawa madoa, na katika doa moja kulikuwa na alama ya kidole gumba cha mguu. Nikatoka barazani. Madoa hayakwenda kulia, kwenye chumba cha jibini. Yalikwenda kushoto, hadi kwenye mtungi wa maji. Kifuniko kilikuwa pembeni. Kikombe kilikuwa kimelowa.

Nilirudi nikasimama mlangoni. Nereida alikuwa ameteremsha shuka usoni. Upindo wa shali lake, uliokuwa umeburuta na kufuta nyayo zake, ulikuwa kijivu kwa majivu. Aliniangalia kwa macho ya kuomba, na nikamwelewa: usimwambie mama.

Nilikuwa na ushindi mdomoni. Nilihesabu ningeweza kuutema vipi. Lakini yule mtoto wa watu alikuwa ananitazama, na nikaumeza, nikiwa na ufunguo mkononi, nikijiona mjinga.

Nereida ndiye aliyesema.

"Ni mimi, mama. Si nyoka. Nilikwenda kunywa maji."

"Maji gani?" akasema Crisanta.

"Ya mtungi. Baridi. Nakwenda kila alfajiri ukilala. Nisamehe. Nina kiu, mama. Nina kiu tangu nilipojifungua, hata mate sina. Naota mto."

Ndipo yaliponijia yote kwa mpigo, nikaropoka bila adabu. "Nyoka alikunywa maziwa kwa sababu nilimnyima maji! Na huyu hana maziwa kwa sababu tumemnyima maji! Digrii arobaini na mbili, madirisha yamefungwa, vikombe viwili vya chai! Mbuzi wangu akikosa maji siku moja simkamui kitu, na mimi nimekaa hapa mwezi mzima natunza bakuli la nyoka!"

Nilileta mtungi mzima. Nereida alikunywa huku maji yakimtiririka shingoni. Crisanta hakumzuia. Alisimama, akaegemeza jembe ukutani taratibu, akatoka nje.

24 Julai

Nimefungua madirisha. Maji, uji wa mahindi, mchuzi, maji tena. Mtoto awekwe titini kila anapofungua mdomo.

26 Julai

Petra amenyonya akalala amejaa hadi akacheua. Nimeshinda! Nimeshinda, nimeshinda. Nimemwambia Casimiro, nimewaambia mbuzi, nimemwambia Prieta, aliyekuwa anameza panya na hakuweza kujibu.

Crisanta hakula chakula cha mchana.

30 Julai

Mvua kila alasiri. Maziwa yapo, yanadondoka hadi kwenye nguo. Casimiro amekuja chumba cha jibini kwa hiari yake, akasimama mbali, akauliza kama Prieta anakula vizuri. Nimemwambia aingie. Amesema, "Leo hapana." Leo hapana ni neno zuri.

Crisanta hajala tena.

2 Agosti

Nilidhani ni kiburi. Nikasema, mwache, aliyezoea kutoa amri hushiba taratibu. Leo nilimkuta ameketi kwenye ndoo iliyopinduliwa mbele ya kabati, mikono mapajani, anamtazama Prieta anavyokunywa. Sijui alikuwa hapo tangu lini. Sikuingia.

Nilikuwa nasugua sufuria ya jibini liliponijia wazo, nami nikaacha kusugua. Kama kwa Petra hakuwa nyoka, kwa Fidel alikuwa nani?

Nimekwenda huku na huko na furaha yangu kama mtu aliyevaa kiatu kipya msibani. Naona aibu.

8 Agosti

Arobaini imekwisha. Nereida ameoga kwa majani, amefunguliwa kichwa, ametoka uani na Petra. Crisanta angeweza kuondoka. Mto umeshuka na basi linapita. Hajafunga mzigo wake.

15 Agosti

Nimeua mwingine mwenye njuga nyuma ya ghala. Panya wanatoboa magunia mapya. Prieta amepona, kidonda ni kovu tu la kijivu. Ningemrudisha ghalani leo hii, lakini nilisema hadharani kwamba nitafungua mlango kwa mkono wangu, na sitaki aonekane ametoroka. Crisanta akiwa bado hapa, atatoka kwa idhini ya nyumba nzima au hatatoka.

27 Agosti

Mvua. Jibini. Hakuna jipya.

8 Septemba

Yai la kwanza limepasuliwa, kichwa kidogo cheusi kimetoka, kikanitazama, kikarudi ndani kufikiri zaidi. Hadi jioni walikuwa sita nje, wembamba kama penseli, wanatikisa mikia yao kunitisha. La saba limeoza.

Kila mmoja anahitaji chupa yake yenye matundu kifunikoni. Nilikuwa na chupa tano. Wawili nimewaweka pamoja hadi kesho.

9 Septemba

Katika chupa ya wawili yuko mmoja, mnene. Tabia ya ukoo. Nilijua, na bado nilifanya.

Nilikuwa nalaani peke yangu Crisanta alipoingia, mkononi ana chupa tupu ya kahawa. Alikuwa ameitoboa kifuniko kwa msumari.

"Umechelewa," nikasema.

"Nimeona." Akainama akawatazama. "Wote watakula nini?"

"Mijusi midogo. Wakikua, panya. Wakikua zaidi, wale wenzetu wa njuga."

"Na maziwa?"

Nilimtazama nione kama ananichokoza. Alikuwa anauliza kweli. "Maziwa hapana, Crisanta," nikasema, na nilijitahidi sauti yangu isiwe na ushindi ndani yake.

Aliitikia kwa kichwa. Chupa aliiacha mezani.

13 Septemba

Watoto nimewaachia kando ya mto, mmoja mmoja, mbalimbali. Casimiro alibeba chupa. Ya mwisho aliifungua mwenyewe, akiwa amefumba jicho moja.

15 Septemba

Kijiji kinapamba bendera kwa sherehe za uhuru za kesho. Sisi tumemrudisha Prieta ghalani.

Nilimwambia Crisanta wakati wa kifungua kinywa. Nilisema: nataka kumwachia leo, na sitamwachia bila neno lako, kwa kuwa mjukuu ni wetu sote. Nilikuwa nimejiandaa kubishana hadi adhuhuri. Akasema tu, "Twende."

Nilimbeba Prieta mikononi, amejizungusha mkononi mwangu kama bangili nzito. Casimiro alikuwa mlangoni pa ghala, pale pale alipong'atwa, na hakuondoka. Nereida alikuja na Petra begani. Nilipopiga magoti kumteremsha, Crisanta akaniambia, "Ngoja," akanyoosha vidole viwili, akamgusa mgongoni, juu ya kovu la jembe lake. Prieta alimnusa kwa ulimi, akateremka, akapita kati ya magunia, tukaanza kusikia panya wakikimbia kwenye boriti.

Nereida na Casimiro walicheka. Wakarudi nyumbani, mtoto ana njaa.

Crisanta alibaki. Alitazama mahali Prieta alipopotelea, na aliongea bila kunigeukia.

"Niliomba, Librada. Sasa nakumbuka. Miaka yote nilikuwa nakumbuka nyoka tu. Niliomba maji, na mama yangu akauchukua mtungi akautoa chumbani ili nisiutamani. Alikuwa analia alipokuwa anautoa. Alinipenda sana mama yangu."

"Hakujua," nikasema.

"Hakujua. Nami ningemfanyia Nereida hivyo hivyo, hadi mwisho. Ningemzika Petra, kisha ningemuua nyoka wako, kisha ningerudi Arizpe nikiwa na hakika."

Nilimwacha amekaa juu ya gunia, nikaenda barazani, nikazamisha kikombe kikubwa mtungini hadi mkono ukawa baridi, nikamletea. Aliyashika maji kwa mikono miwili, akayatazama kwanza. Kisha akanywa yote bila kupumua, akafuta kidevu, akanirudishia kikombe.

"Tena," akasema.